Mwamuzi wa Shaba na Kivuli Saba

Mjomba wangu aliuza nyama kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi mchana, na Jumamosi jioni aliamua ngumi. Kazi zote mbili alizifanya kwa tabia moja. Ukimwomba kilo, alikata pande dogo kuliko ulilotaka, akaliweka kwenye mizani, kisha akaongeza kipande, kisha kijipande, kisha unyuzi ambao hata paka angeudharau, mpaka mshale ukasimama wima. Hakuwahi kupunguza. Alisema mteja akiona mkono wa muuza nyama unatoa kitu kwenye sahani, hata kama ni haki, moyo wake unaingia doa. Basi yeye aliongeza tu, na bucha lake lilikuwa na foleni hata siku ambazo nyama yenyewe ilikuwa ngumu kama soli ya kiatu.

Alikuwa mwembamba, na hilo liliwashangaza watu, maana muuza nyama hutarajiwa awe na kitambi cha kutangazia biashara. Mama, ambaye ni dada yake mkubwa, alisema mdogo wake hushiba harufu. Aliishi nasi, kwenye chumba cha uani, tangu mkewe alipoondoka akisema hawezi kulala maisha yake yote na mtu anayenuka mifupa. Mjomba hakubishana naye. Alimsaidia kufunga masanduku, tena akayapanga kwenye mkokoteni mazito huku na mazito kule ili usielemee upande mmoja. Mimi ningeuacha upinduke.

Ulingo ulikuwa ndani ya ghala la zamani la saruji. Vumbi halikuisha humo hata lilipofagiliwa kila wiki, kwa hiyo mabondia walitoka wakiwa weupe kichwani na wekundu mdomoni. Pambano lililomwachisha Mjomba kazi hiyo lilikuwa kati ya mpakia mizigo wa sokoni na mtoto wa fundi viatu wa mtaa wetu. Mtoto ni namna ya kusema tu. Alikuwa na miaka ishirini na sita na ndevu zake. Raundi zilikuwa kumi. Ilipokwisha ya nane, jicho la kushoto la mtoto wa fundi viatu lilikuwa limefumba kabisa na pua imehamia upande. Lakini naye alikuwa amempasua mwenzake mdomo mpaka meno yakawa yanaonekana hata akiufumba. Kwa pointi walikuwa sawa. Fundi viatu mwenyewe ndiye aliyesimama kwenye kona ya mwanawe, na kabla ya raundi ya tisa kuanza aliinua taulo la kusimamisha pambano. Mjomba akamnyooshea kiganja.

“Subiri kidogo, mzee. Wako sawa. Usimharibie.”

Mpakia mizigo alipiga ngumi tatu. Ya kwanza mbavuni, ya pili sikioni, ya tatu chini ya kidevu, na hiyo ya tatu ililia kama mtu anavunja ukuni kwenye goti. Niliisikia vizuri kwa sababu nilikuwa mstari wa pili, nimesimama juu ya kiti, napiga kelele “mmalize.” Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sitasingizia umri. Mtoto wa fundi viatu alianguka chali, kisogo kikagonga ubao, damu ikamtoka sikioni nyembamba kama uzi. Alifariki Jumanne bila kuamka.

Fundi viatu hakumshtaki mtu. Aliacha tu kununua nyama kwa Mjomba, na kila alipopita mbele ya bucha alitazama ng'ambo ya pili. Wengine walikuwa na ndimi ndefu zaidi, wakambandika Mjomba jina la Subiri. “Subiri, nikatie nusu.” “Subiri, leo kuna maini?” Yeye aliitika. Mimi nilitaka kuwapasua midomo mmoja mmoja, na siku moja nilimrushia mmoja wao mfupa wa paja, ukampata begani. Mjomba aliuokota, akaufuta, akaniambia niende nyumbani. Hakurudi ulingoni tena kwa miaka minane.

Katika miaka hiyo mimi nilipata kazi ambayo watu hawaamini kuwa ni kazi. Niliandika sauti za ngumi. Gazeti la katuni lina mchoraji wa picha, lina mwenye kutunga maneno, na lina mtu wa kuandika KACHA pale taya linapovunjika. Mtu huyo ni mimi. Si kila pigo ni PAA, kama wanavyodhani wasiojua. Ngumi ya tumboni ni PUH, nayo huandikwa kwa brashi nene yenye wino mwingi. Ngumi ya menoni ni TAKK, kwa kalamu kali. Mtu akitupwa ukutani kuna sauti yake yeye na kuna sauti ya ukuta, na ukizichanganya msomaji hapati maumivu. Nilikuwa hodari. Nilipenda kazi hiyo kupita kiasi, nami nasema hivyo bila kujisifu.

Shujaa wetu aliitwa Shaba. Alikuwa fundi bomba aliyetumbukia kwenye tanuri la kuyeyushia madini, akatoka na mikono ya shaba isiyopinda kwa lolote. Ng'ambo ya barabara yetu, dirisha likitazamana na dirisha letu, ilikuwa nyumba nyingine ya katuni, na shujaa wao aliitwa Kivuli Saba: karani wa mahakama ambaye vivuli vyake saba vilitoka kwenda kuwavunja watu mifupa wakati yeye ameketi mahakamani anaandika kumbukumbu. Nyumba hizo mbili zilichukiana chuki ya wake wenza. Wao walitunyang'anya mchoraji, sisi tukawajazia gundi kwenye tundu la kufuli. Wasomaji ndio walikuwa wabaya zaidi. Kulikuwa na Washaba na Wakivuli, na dukani ulitazamwa ulichoshika kabla ya kusalimiwa. Kinyozi wa karibu na kwetu, Mkivuli damu damu, alimkata mteja ncha ya sikio kwa kusikia tu kwamba Shaba angemtandika yule karani kwa mkono mmoja. Kiti kilivunjika, kioo kikavunjika, na aliyeingia kuwaamua alitoka ameshika jino lake kiganjani.

Swali lilikuwa moja tu kwa miaka yote hiyo: wakikutana, nani atampiga mwenzake? Wakubwa wa nyumba zote mbili walilikwepa, kila mmoja akiogopa jibu. Mwishowe walikubali kutoa toleo moja la pamoja, kurasa arobaini na nane, na wakaandikiana masharti. Kila pigo lijibiwe kwa pigo. Asianguke mmoja bila mwenzake kuanguka. Ukurasa wa mwisho wote wawili wawe wamesimama, wamegundua adui wao wa kweli ni tajiri mmoja mwenye bwawa, anayetaka kuuzamisha mji. Masharti mazuri. Ila nani ahesabu? Wetu hawakuamini hesabu ya wenzao, na wao hata salamu yetu hawakuiamini. Ndipo nikasema, nina mjomba aliyekuwa refa.

Nilimfuata buchani. Alikuwa anapasua mbavu kwa shoka, na aliendelea kupasua nilipokuwa nikieleza.

“Na hao wanaopigana,” akasema, “hawafi?”

“Mjomba, ni wino.”

“Nakuuliza hawafi?”

“Hawafi. Shaba ameshaangukiwa na daraja mara tatu.”

Aliweka shoka chini, akaifuta mikono kwenye aproni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

“Nitakuja,” akasema. “Nataka nihesabu pambano moja ambalo hakuna mtu atakayebebwa kutoka. Moja tu, halafu basi.”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nilimjua Mjomba vya kutosha kutambua kwamba hakuwa amesema maneno mengi kiasi hicho juu ya ngumi tangu ile Jumanne.

Kazi ilifanyika mahali pasipokuwa pa mtu, chumba kilicho juu ya duka la magodoro, ngazi ya nje ya chuma, dirisha moja, feni moja iliyolia kila ikigeuka kushoto. Meza mbili ziliwekwa zikitazamana. Kwenye moja alikaa Bonge, mchoraji wa Shaba, mtu mnene, mpole, mwenye jasho, ambaye alianika leso tatu kwenye kingo za meza na kuzivaa kwa zamu shingoni. Kwenye ya pili alikaa Miwani, mchoraji wa Kivuli Saba, mwembamba, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa hasira, mwenye rula ya chuma ya urefu wa mkono wake aliyoinoa ukingo ili itumike na kukatia karatasi. Karatasi zilikwenda na kurudi: Bonge akichora Shaba, Miwani akichora Kivuli, kwenye ukurasa uleule. Mimi nilikaa pembeni na brashi zangu. Katikati, kwenye kimeza kilichobebwa kutoka dukani chini, alikaa Mjomba na daftari lenye safu mbili.

Siku ya kwanza tu kulitokea mzozo. Shaba alipiga kivuli cha nne akakiangusha. Je, hilo ni pigo? Miwani alisema kivuli si mtu. Bonge alisema kama si mtu basi na sisi hatukupigwa, tulitishwa. Walipaziana sauti mpaka mwenye magodoro akagonga dari kwa ufagio. Mjomba aliuangalia ukurasa, akausogeza karibu na macho.

“Kivuli hiki kina jino linalotoka,” akasema. “Chenye jino linalotoka kimepigwa. Pigo moja.”

Wote wawili walirudi kwenye penseli zao. Kuanzia hapo walimwita Mwamuzi, na nilijisikia fahari ambayo nikiikumbuka sasa inanichoma.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelifikiria. Kufuta kulikuwa aibu. Miwani alijisifu kwamba hana kifutio na hajawahi kuwa nacho. Bonge alikuwa nacho kimoja, amekifunga kwenye leso kama mtu anayeficha ugoro. Kwa hiyo Shaba alipozidi pigo moja, hakuna aliyelitoa pigo hilo. Miwani aliongeza moja. Akilichora kubwa mno, lenye damu nyingi, Bonge alilalamika kwamba hilo lina uzito wa mawili, naye akaongeza. Mjomba aliandika. Mwanzoni yalipangwa mapigo ishirini na manne kwa kila upande. Wiki ya pili yalikuwa sitini. Wiki ya nne mia na thelathini, safu zote mbili zikiwa sawa kama nyuzi za reli. Tajiri wa bwawa alipokonywa kurasa moja baada ya nyingine ili ngumi zipate nafasi, mpaka akabaki kwenye ukurasa mmoja, amekaa kando ya mitambo yake anangoja watu waje kumpiga, na hawaji.

Na mimi nilikuwa nafurahia. Nisiseme uongo. Ukurasa wa kumi na tano Shaba aliuvunja mgongo wa kivuli cha pili kwenye reli, nikaandika KRRRAK kutoka kona hadi kona. Ukurasa wa kumi na tisa vivuli vitatu vilimshika Shaba, cha nne kikamsukumia uso kwenye feni ya kiwandani, nikaandika mpaka brashi ikaisha nywele. Ukurasa wa ishirini na sita yule karani mwenyewe, asiyewahi kunyanyuka kitini kwa miaka yote ya gazeti lake, alinyanyuka na kumchoma Shaba kalamu chini ya mbavu. Bonge alilia machozi ya kweli alipokuwa akiichora damu ile. Kisha akamng'oa karani kucha tatu. Niliandika NGO, NGO, NGO, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia.

Mjomba alianza kuandika pembezoni mwa karatasi, kwa penseli hafifu ambayo mashine isingeichapa. Nilipochungulia nilikuta maneno mawili: “Hapa ningesimamisha.” Yalikuwa kwenye ukurasa wa tisa. Yalikuwa tena kwenye ukurasa wa kumi na mbili, na wa kumi na tano, na baada ya hapo karibu kila ukurasa.

“Mjomba, kwa nini wa tisa?” nilimuuliza tukishuka ngazi. “Wa tisa ndiyo kwanza wanapasha misuli joto.”

“Jicho la kushoto la Shaba limefumba,” akasema. “Hawezi kuona ngumi inayotoka upande huo. Tangu ukurasa wa tisa anapigwa na asichokiona.”

“Lakini mapigo yako sawa.”

“Ndiyo. Yako sawa.” Akashuka ngazi mbili. “Na yule naye alikuwa sawa, mwanangu.”

Mkuki kwa nguruwe, na nguruwe wetu walikuwa wa karatasi. Nilimwona Mjomba anazeeka vibaya.

Nje mambo yalichafuka. Kila nyumba ilichapa vipande vichache vya picha ili kuwatia wasomaji hamu, na kila nyumba ilichagua vile ambavyo shujaa wake ndiye anayepiga. Washaba walichoma rundo la magazeti ya Kivuli Saba sokoni. Wakivuli walimvua muuza magazeti wetu shati na kumpiga kwa mkanda wake mwenyewe. Mtu mmoja alipasuliwa kichwa kwa chupa mlangoni pa duka la magodoro, chini yetu kabisa, mchana kweupe, na damu yake ilibaki kwenye godoro la mfano mpaka mwenye duka akaligeuza. Mjomba alishuka, akamfunga yule mtu kichwa kwa leso ya Bonge, akapanda tena. Akalifunga daftari.

“Tupunguze,” akawaambia wachoraji. “Nyie nyote wawili. Kila mmoja afute hamsini. Sawa ni sawa, hata ikiwa chini.”

“Aanze yeye,” akasema Bonge.

“Mimi sina kifutio,” akasema Miwani.

Ilibaki mia mbili na kumi na moja kwa mia mbili na kumi na moja. Ukabaki ukurasa wa mwisho tu, ule ambao wote wawili walipaswa kusimama kwenye vifusi na kupeana mikono. Siku ya Ijumaa, kama saa sita, Miwani alimaliza upande wake wa penseli, akausogeza, akatoka kwenda kupiga simu. Mjomba aliuinua ukurasa. Kivuli Saba alikuwa wima. Shaba alikuwa wima pia, kama alivyochorwa na Bonge, ila Miwani, kwa kuchora vifusi, alikuwa ameupitisha mguu wa Shaba nyuma ya jiwe na kuligusisha goti chini. Goti moja tu. Usingeliona kama hukuwahi kuwa refa.

“Goti likigusa ni kuanguka,” Mjomba akasema taratibu, kama anajisomea.

Bonge alikuwa ameinamia mkate wake. “Basi na wao wapige goti.”

“Miwani hatakubali. Utaongeza ngumi, naye ataongeza.”

Akanyoosha mkono juu ya meza ya Bonge, akafungua leso, akachukua kifutio. Akafuta goti. Alifuta kwa uangalifu, akipuliza vumbi, na vumbi likaanguka upande wa Bonge. Kisha akachukua penseli, akauchora mguu umenyooka, mguu mbaya kama wa meza, na akauweka ukurasa mahali pake. Nilimwona akipumua. Sijui kama mtu yeyote aliwahi kumwona Mjomba akitoa kitu kwenye mizani kabla ya siku hiyo.

“Imekwisha,” akaniambia. “Hakuna aliyebebwa.”

Akaenda dirishani kunywa maji.

Miwani aliporudi alitazama ukurasa, akatazama vumbi la kifutio kwenye meza ya Bonge, akatazama kifutio chenyewe. Hakuuliza. Alishika rula kwa mikono miwili, akampiga Bonge nayo bapa kwenye paji la uso. Ngozi ilifunguka kutoka nyusi hadi nywele. Bonge alikuwa bado anatafuna. Damu ilimshukia machoni, ikaingia mdomoni na mkate, naye akainuka akiwa amenyanyua kigoda, mtu ambaye katika maisha yake yote hakuwa amempiga mtu ila kwenye karatasi.

Mjomba alifika katikati yao kabla bilauri aliyoitupa haijagusa sakafu. Mkono wa kushoto aliuweka kifuani mwa Bonge. Kwa wa kulia alikidaka kifundo cha mkono wa Miwani, rula ikiwa juu, na akakibana kama anavyobana mfupa kwenye gogo.

“Nimefuta mimi,” akasema. “Mimi ndiye. Pambano limekwisha. Shuka ngazi, wewe. Wewe kaa.”

Sauti ile sikuwa nimeisikia kwa miaka minane. Na ingetosha. Bonge alianza kuteremsha kigoda, nilikiona kikishuka. Miwani alikuwa ameanza kulegea begani. Lakini mimi nilikuwa naitazama damu ya Bonge, mchoraji wetu, mtu wetu, ikidondoka juu ya Shaba, na kilichonijaa kichwani si huruma. Ilikuwa hesabu. Moja kwa bila.

“Limekwishaje?” nikasema. “Mwache Bonge arudishe moja. Moja tu, iwe sawa.”

Nikamshika Mjomba mkono wa kulia kwa mikono yangu miwili, nikauvuta.

Sikutaka aumie mtu ila Miwani. Nilitaka kumfungulia Bonge njia. Kilichofunguka ni kifundo cha Miwani, ambaye mkono wake ulikuwa bado na nguvu zote za kupambana na mshiko wa Mjomba, na mshiko ulipotoka rula ilishuka yenyewe, kwa ukingo. Mjomba alikuwa amegeuza uso kuona ni nani anayemvuta. Nimeandika sauti za mapigo zaidi ya mia nne kwenye toleo lile peke yake. Ile sijaiandika, na sitaiandika.

Bonge na Miwani ndio waliombeba kushuka ngazi ya chuma, mmoja kichwani, mmoja miguuni, Bonge akiwa haoni kwa damu, Miwani akilia na kutaja jina la Mungu kila ngazi. Mimi nilikuja nyuma nimeshika daftari. Sijui kwa nini nililishika daftari.

Jicho la kulia halikuokolewa. Askari alikuja wodini kuandika maelezo, na Mjomba, kichwa kizima kikiwa kwenye bandeji, alimwambia kwamba walikuwa wakikata karatasi, na kwamba rula za wachoraji ni kali mno, na serikali ingefanya vizuri kulitazama hilo. Askari alinitazama. Nikatazama sakafu. Miwani alikaa kwenye benchi la ukumbini kwa siku nne, akijifanya anangoja mtu mwingine.

Toleo halikutoka. Kila nyumba ilidai karatasi ni zake, hivyo wakubwa waliketi wakaafikiana kama walivyoafikiana siku zote: wakazipeleka kwenye mashine ya kukatia, wakagawana ukurasa kwa ukurasa, Shaba huku, Kivuli Saba kule. Nilipewa fungu letu nilihifadhi. Kurasa arobaini na saba za mtu mwenye mikono ya shaba anapiga hewa, anatokwa damu kwa pigo lisilo na mkono, anaanguka bila wa kumwangusha, na sauti zangu zimekatwa nusu. Nilivizia mwenye zamu ya takataka, nikamkabidhi. Huko nje Washaba wanaapa mpaka leo kwamba sisi ndio tulioshinda, na hao wa pili wanaapa vilevile, na kinyozi amenunua kioo kipya.

Siku ya tisa madaktari waliruhusu jicho la kushoto liachwe wazi. Mama alikuwa ameshuka kununua sabuni. Nilikaa kwenye kiti cha chuma kando ya kitanda, na Mjomba akanigeukia, uso nusu nyeupe.

“Bonge alirudisha?”

“Hakurudisha.”

“Hata baadaye? Nje?”

“Hata nje. Bonge alishonwa, wakaandikishwa maelezo pamoja. Miwani hajaguswa na mtu.”

Aliegemea mto. Alifurahi, na sikukosea kuiona furaha ile. Ilimpanda usoni mpaka ikafika kwenye bandeji ikaishia hapo. Alilala nayo kwa muda, akitazama dari, na mimi nikaona nikimwacha hivyo nitakuwa nimemwibia.

“Mjomba. Aliyekuvuta ni mimi.”

Hakugeuka.

“Mikono ile naijua,” akasema. “Mama yako alipokuwa kazini ni mimi niliyeishika ulipojifunza kutembea. Ulikuwa unavuta hivyohivyo.”

Nilianza kulia kwa sauti, kilio kibaya, mgonjwa wa kitanda cha pili akajifunika shuka. Mjomba aliningoja. Nilipoishiwa pumzi aliutoa mkono wake chini ya blanketi, akaupapasa ukingo wa kitanda akinitafuta, maana umbali alikuwa bado hajauzoea, akapita mara mbili kando yangu kabla sijamsaidia.

“Haya, nishike vizuri,” akasema. “Nataka kwenda msalani.”